Wapishi Wasio na Mbwembwe

Sina ugomvi na mtu anayepika huku akicheza muziki. Kila mtu na furaha yake. Ugomvi wangu ni na vitunguu vyake. Kwenye video hizi za simu, vitunguu huingia kwenye mafuta vikiwa vyeupe, kamera inapepesa jicho mara moja, vinatoka vina rangi ya dhahabu. Sekunde mbili. Mimi nimezaliwa Tanga, nimekulia miguuni mwa wanawake wanaopikia shughuli za watu mia tatu, na sijawahi kuona kitunguu kikiiva kwa sekunde mbili, labda nyumba iwe inaungua. Kitunguu cha biriani kinataka nusu saa na zaidi, mafuta ya kutosha, moto wa wastani, na mtu aliyesimama palepale bila kupokea simu. Ukimwambia hivyo kijana wa video atakujibu kwamba watazamaji hawana muda. Muda wanao. Wanautumia saa saba mchana, wageni wakiwa sebuleni, wakisubiri vitunguu vya sekunde mbili viive.

Ushahidi ninao nyumbani. Idd moja baba watoto alitangaza kwamba safari hii biriani ni yake, mimi nikae na wageni kama bibi harusi. Alikuwa amepata video ya mpishi mmoja mwenye kofia ndefu na meno meupe: biriani ya dakika ishirini. Simu ikaegeshwa kwenye kopo la sukari. Mpishi wa simuni alikuwa na vibakuli vya kioo, kila kitu kimeshaoshwa, kimeshakatwa, kimeshapimwa; baba watoto alikuwa na lundo la vitunguu vyenye maganda na kisu ambacho ndicho tunachofungulia pia makopo. Alipofika kitunguu cha nne, skrini ikazima. Mikono imejaa tangawizi na kitunguu saumu, simu inafunguka kwa sura, na sura yenyewe imevimba kwa machozi hata simu ikamkana mwenyewe. Akainama, akaikodolea macho. Akaitabasamia. Ikakataa. Ikabidi aitwe mtoto wa darasa la tano aje kubonyeza namba za siri, na tangu siku ile baba huyo hana siri tena nyumbani kwake.

Video iliporudi, likaja tangazo la sabuni. Lilipokwisha, nyama ya simuni imeshaiva na nyama ya kwetu haijaingia sufuriani. Akarudisha nyuma, ikaenda mbele. Maelekezo yenyewe yalikuwa "weka viungo", "acha kidogo", "utaona mwenyewe". Aliona mwenyewe. Saa tisa na nusu wageni walikuwa wamemaliza tambi, wamemaliza kaimati za jirani, na mzee mmoja ameanza kuulizia kama hakuna mkate. Biriani iliposhuka ilikuwa na tabaka zake kama inavyotakiwa: juu wali mgumu, katikati bokoboko, chini nyama iliyokataa mazungumzo.

Shangazi yangu alitafuna kwa heshima zote. Kisha akanawa mikono, akasema, "Mkwe wangu, wewe hukufundishwa. Ulionyeshwa."

Sijasikia mtu akieleza tofauti hiyo kwa maneno machache kuliko hayo, na shangazi ana haki ya kuyasema. Alikuwa nesi Norwich, mashariki ya Uingereza, miaka mingi. Wenzake waliporudi kutoka Ulaya walishusha mafriji na magari. Yeye alishusha mizani ya jikoni, jagi la kupimia, kanda za video, na kitabu kinene kilichopasuka mgongo, kimejaa madoa ya siagi, cha mwanamke anayeitwa Delia Smith. Watu wa mtaani walimsikitikia. Lakini mtu aliyepima dawa za wagonjwa usiku wa manane, tone kwa tone, huwezi kumwambia "chumvi kiasi" akakuelewa. Atakuuliza kiasi gani, kwa kijiko kipi, na nani alihakiki.

Sisi tulichelewa kumjua Delia. Alianza kipindi chake cha kwanza BBC mwaka 1973, kikiitwa Family Fare. Mwaka huohuo ndipo Televisheni ya Zanzibar ilipoanza, tena ya rangi, lakini Bara tulisubiri mpaka 1994. Pale Tanga, jirani mmoja aliyekuwa na antena ndefu kuliko mnazi wake aliapa kwamba ananasa Unguja. Tulikaa kwake jioni nzima tukitazama kitu kilichofanana na mvua inayozungumza Kiswahili.

Na Delia mwenyewe hakuwa mtu aliyetazamiwa makuu. Aliacha shule akiwa na miaka 16 bila cheti chochote, akafanya kazi saluni, kisha akaingia mgahawa mdogo wa London na kuanzia kwenye kuosha vyombo. Mapishi ya Waingereza wa zamani aliyasoma mwenyewe katika chumba cha kusomea cha British Museum. Mwaka 1969 akaanza kuandika mapishi katika jarida la gazeti la Daily Mirror, na mwaka huohuo akaombwa aoke keki ya kupigwa picha kwa ajili ya jalada la santuri ya Rolling Stones, Let It Bleed. Walitaka keki yenye makeke, naye akaoka keki yenye makeke. Mbwembwe zake zote, kwa ninavyojua, ziliishia kwenye jalada lile.

Kwenye kanda za shangazi anaonekana mwanamke aliyevaa sweta, kasimama jikoni kwake Suffolk, anaongea polepole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya hospitali. Hachezi. Harushi chumvi kutoka juu ya bega. Akionja mchuzi hafumbi macho kana kwamba ameonana na malaika. Mara ya kwanza nilipomtazama nilisinzia. Mara ya pili nilienda jikoni.

Umaarufu wake mkubwa kuliko wote ulitokana na yai. Mwaka 1998 alitoa mfululizo ulioitwa How to Cook, na badala ya kuanza na bata wa kuokwa au samaki mwenye nakshi, akaanza na kuchemsha yai. Mpishi mwenzake mmoja maarufu aliona ni kuwadharau watazamaji: nani asiyejua kuchemsha yai? Jibu likawa ni wengi sana. Maelekezo yake yalikuwa hivi. Yai lisitoke kwenye friji moja kwa moja, litapasuka. Litumbukize kwa kijiko kwenye maji yanayochemka taratibu. Dakika moja motoni. Kisha toa sufuria, funika, subiri dakika sita ukitaka kiini kinachochuruzika, saba ukitaka kilichoshikana kidogo. Basi. Mauzo ya mayai Uingereza yakapanda, inasemwa kwa asilimia 10 hivi. Kiwanda kidogo cha Lancashire kilichokuwa kikiuza vikaango 200 vya kimanda kwa mwaka kilijikuta kimeuza 90,000 kwa miezi minne, kwa sababu tu Delia alikisifu kikaango chake. Miaka mitatu baadaye jina lake likaingia katika kamusi ya Collins. Hayo yote kwa yai la kuchemsha.

Shangazi alipolileta yai hilo Tanga alikutana na upinzani. Kwa watu wa kwetu yai la kuchemsha ni lile linalouzwa dirishani mwa basi la kwenda Dar, linaliwa na kachumbari na pilipili, na kiini chake lazima kiwe kikavu hata mtu aombe maji. Yai linalochuruzika ni yai bichi, na anayekukaribisha yai bichi ana lake jambo. Mjomba mmoja alilisogeza sahani kwa ncha ya kidole, akauliza kama shangazi ana gesi ya kutosha au tumchangie.

Halafu kulikuwa na tatizo la pili, ambalo ndilo lililonifanya nimvulie kofia. Yai la kuku wa kienyeji ni dogo, na kwa dakika za Norwich kiini kiliganda. Mwingine angesema mapishi ya Wazungu hayafai huku, akafunga kitabu. Shangazi alichukua trei ya mayai ya kienyeji, saa ya ukutani na daftari la mistari, akachemsha na kupasua, akachemsha na kupasua, mpaka kuku wa jirani wakawa wanamkwepa. Ukurasa upo hadi leo, kwa mwandiko ule wa kinesi: yai la kienyeji, dakika moja motoni, nne na nusu nje. Hakumwiga Delia. Alifanya kazi aliyoifanya Delia.

Baba watoto hakuwa na neno na mayai. Tatizo lake lilikuwa rangi. Siku moja tukitazama picha za shangazi za Ulaya, akamwona Delia amejifunga skafu ya njano na kijani, akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Huyu mama ni Yanga!" Yeye ni Simba wa kuzaliwa, hata vikombe vya chai vya kijani hataki viingie ndani. Tukamweleza kwamba hizo ni rangi za Norwich City, kwamba Delia na mumewe waliingia kwenye bodi ya klabu hiyo mwaka 1996 na wakawa wenye timu kwa miaka mingi. Hakusikia. Kwa wiki kadhaa alikula kimanda chake akiwa ameelekea ukutani.

Kilichomlainisha kidogo ni habari ya tarehe 28 Februari 2005. Norwich wako nyumbani na Manchester City. Wameongoza mbili bila, zimerudi zote, ni mbili mbili mpaka mapumziko. Ghafla mama wa mayai anaingia uwanjani na kipaza sauti, mbele ya kamera za televisheni, anawafokea mashabiki wake mwenyewe: mko wapi, mbona hamsikiki, mchezaji wetu wa kumi na mbili yuko wapi? Wakafungwa tatu kwa mbili dakika za mwisho, na msimu ulipokwisha wakashuka daraja. Uingereza nzima ilicheka. Shangazi anasema wodini kwao hakuna aliyecheka hadi wiki ya pili. Mimi kinachonivutia ni kwamba mwanamke huyu, ambaye sijamwona kupandisha sauti hata mchuzi unapofurika, alikuwa na hasira ya akiba muda wote ule, akaamua kuitumia kwenye mpira.

Asidhani mtu kwamba ni Waingereza tu. Marekani walikuwa na Julia Child, na huyu ukimtazama juujuu unaweza kusema ni mtu wa vichekesho: mrefu mita 1.88, sauti inapanda na kushuka kama king'ora. Wakati wa vita kuu ya pili alifanya kazi katika shirika la ujasusi la nchi yake huko Ceylon na China. Kupika alijifunza ukubwani, na kitabu chake kikubwa cha mapishi ya Kifaransa, alichoandika na wanawake wawili wa Kifaransa, kilitoka mwaka 1961 baada ya kazi ya karibu miaka kumi. Kipindi chake cha The French Chef kilipoanza Boston mwaka 1963 alikuwa na miaka 50, umri ambao televisheni za siku hizi zingemtaka awe nyuma ya kamera akishika waya.

Katika kipindi kimoja alijaribu kugeuza chapati nzito ya viazi kwa kuirusha, kama wanavyofanya watu wa video. Haikurudi yote. Kipande kikaangukia jikoni, pembeni ya kikaango. Akakiokota, akakirudisha, akakibandika, akawaambia watazamaji kwamba ukiwa peke yako jikoni hakuna anayekuona. Watu wamekisimulia kisa hicho mpaka chapati imekuwa kuku, jiko limekuwa sakafu, na kuku amekuwa bata mzinga. Lakini sehemu iliyonigusa mimi haikuonyeshwa. Alipotaka kumwelekeza Mmarekani wa kawaida namna ya kuoka mkate wa Kifaransa kwenye oveni ya nyumbani, yeye na mumewe Paul walijaribu kwa karibu miaka miwili, wakatumia unga karibu kilo 130. Hebu fikiria mikate iliyoharibika mle ndani. Wameiharibu wao ili usiiharibu wewe.

Jiko lake lote, lilivyo, lipo sasa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Ukutani kuna ubao wenye matundu, na juu yake Paul alichora umbo la kila sufuria na kila kikaango, ili kila kimoja kirudi mahali pake. Niliwahi kulifikiria wazo hilo kwa ajili ya jiko langu. Nikaona ukuta utajaa michoro mitupu. Mbuzi ya nazi iko kwa mama wa pili, chujio limeenda kwenye arobaini ya mtoto halijarudi, na sufuria kubwa ninayoitumia mimi, nikisema kweli, ina jina la mtu mwingine chini yake kwa rangi ya kucha.

Wapo pia walioijua kazi vizuri lakini hawakumpenda anayefundishwa. Fanny Cradock alitawala televisheni ya Uingereza kwa miaka mingi, kope zimechorwa, gauni la jioni, sauti ya kuamrisha. Mwaka 1976 aliletwa kumshauri mama mmoja wa Devon aliyepewa nafasi ya kuandaa karamu kubwa London. Mama wa watu akataja orodha ya vyakula vyake, vikiwemo bata na kitamu cha kahawa. Bi Fanny akakunja uso, akafanya kama anataka kutapika. Watazamaji wakamtazama yule mama, wakajiona wenyewe, na simu na barua zikamiminika BBC. Huo ukawa ndio mwisho wa vipindi vyake pale.

Ninavyoona mimi, siri ya hawa wengine iko hapa: wanajua ni wakati gani utaogopa. Kila pishi lina mahali pake pa kutisha. Ukiwa unapiga siagi na sukari, ukaongeza mayai, mchanganyiko unakatika vipande vipande na moyo nao unakatika. Ukibandika tui, kuna dakika linataka kugawanyika, maji huku mafuta kule. Kijana wa video hajui habari hizo, au anazijua akazikata kwenye uhariri. Mpishi wa kuaminika anakutangulia pale pa kutisha na kukusubiri. Anakwambia: sasa hivi itaonekana kama imeharibika, usishtuke, ongeza kijiko cha unga, endelea kupiga. Na ikionekana hivyo kweli, badala ya kulia unafurahi, maana amesema.

Hilo ndilo lililookoa keki ya harusi ya mdogo wangu. Shangazi aliamua kuoka keki ya matunda ya Delia, ile ya Krismasi, kwa kubadilisha jambo moja: zabibu na matunda makavu mengine yalilala kwenye juisi ya machungwa badala ya brandi, kwa kuwa bwana harusi ni mtoto wa maalimu. Ni keki ya subira. Inakaa kwenye oveni kwa nyuzi 140, saa nne na zaidi, na kitabu kinasema usifungue mlango kabla ya hapo. Pembeni imezungushiwa karatasi ya kahawia, juu imefunikwa karatasi yenye tundu katikati, la ukubwa wa sarafu ya peni 50. Shangazi alichora tundu lake kwa sarafu ya shilingi mia mbili, akaoanisha na kitabu, akaridhika.

Saa mbili baadaye umeme ukakatika.

Katika kitabu kile chenye kurasa mamia hakuna mahali palipozungumzia jambo hilo. Mimi nikakimbilia mlango wa oveni. "Usifungue," akasema shangazi, bila kuinua macho kwenye daftari. "Ndani bado kuna moto." Dada yangu, biharusi mwenyewe, akatoka chumbani na hina haijakauka, mikono juu kama aliyetekwa, akauliza kwa sauti nyembamba kama kuna duka linalouza keki usiku. Shangazi akamtuma kijana mkaa na mchanga. Kwenye sufuria kubwa (ile yenye jina la mtu mwingine) ukamwagwa mchanga, ukapashwa kwenye jiko la mkaa. Baada ya robo saa ndipo oveni ikafunguliwa kwa tochi ya simu. Karatasi za kahawia zikavuliwa, maana makaa yangeziwasha. Keki ikashuka kwenye mchanga, mfuniko juu, makaa machache juu ya mfuniko, kama tunavyopalia wali. Nikamuuliza tutajuaje muda, maana mkaa hauna nyuzi. Akanionyesha kitabu: haikuandikwa saa tu, iliandikwa pia keki inakuwaje ikiiva. Ukiigusa katikati kwa kidole, inabonyea kidogo kisha inarudi. Basi tukawa tunagusa. Iligoma, ikagoma, halafu karibu na saa sita usiku ikarudi. Upande mmoja ulikuwa umeungua. Upande huo ulielekezwa ukutani siku ya harusi, jirani na baba watoto, ambaye amezoea.

Sisemi kwamba hawa watu hawajawahi kutuangusha. Mwaka 2008 Delia alitoa kitabu kipya chenye jina lilelile la kitabu chake cha kwanza cha 1971, How to Cheat at Cooking, na humo akapendekeza nyama ya kusaga ya kopo na viazi vilivyopondwa vya kugandishwa. Kwa mwingine yeyote ingepita. Kwa Delia, watu walichukulia kama imamu ameonekana baa. Shangazi aliletewa nakala na mwenzake wa Norwich. Aliisoma yote, maana si mtu wa kuhukumu bila kusoma, kisha akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Meza imetulia tangu hapo.

Mwaka 2013 Delia aliachana na televisheni, akasema imekuwa ya kuburudisha zaidi kuliko kufundisha, akahamishia masomo yake kwenye intaneti. Humo humo walimo vijana wa vitunguu vya sekunde mbili. Ni jirani zake sasa, ukigusa skrini vibaya unatoka kwa huyu unaingia kwa yule. Lakini nimeona jambo. Wiki ya kwanza ya Ramadhani watu hutumiana video za wenye mbwembwe, vinywaji vya rangi nne na sambusa zenye umbo la waridi. Ikifika wiki ya pili, njaa imeshazoeleka na wageni wa futari ni wa kweli, ujumbe hubadilika. Watu huanza kuulizana: nani ana yale mapishi ya yule mama, yule asiyecheka, ambayo hayaharibiki?

Hata baba watoto amefika huko, ingawa hatakiri. Juzi nilikuwa sebuleni, nikamsikia jikoni amempigia shangazi Tanga, simu imewekwa sauti kubwa juu ya kopo la sukari.

"Shikamoo shangazi. Nataka kupika wali wa nazi."

"Marahaba mkwe wangu. Mchele vikombe vingapi?"

"Kama vitatu hivi."

"Kama?"

Kimya. Nikasikia kikombe kikichota mchele, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Vitatu, shangazi."

"Vizuri. Nazi ngapi?"

"Mbili. Nimeshazikuna."

"Tui la kwanza umelitenga?"

Kimya kingine, kirefu. Nilijua, kama alivyojua shangazi, kwamba yote yamo katika bakuli moja.

"Haidhuru," akasema shangazi. "Pima vikombe sita vya hilo tui, libandike, ulikoroge, usiache kukoroga mpaka litokote. Litataka kukatika. Wewe koroga tu. Likishatokota tia mchele, funika, punguza moto, na mkono wako usiuone mfuniko mpaka tui likauke. Kisha palia. Umeandika?"

"Nimeandika, shangazi." Na kweli alikuwa ameandika, nyuma ya ratiba ya mechi za Simba. "Sasa, chumvi je? Niweke kiasi?"

Simu ikakatika. Mpaka leo anashikilia kwamba ulikuwa ni mtandao.